Mkono wa Mwisho Mstarini

Kasulu, Jumapili, 23 Februari 2025

Leo ni miaka hamsini na miwili na miezi tisa tangu nivuke mpaka juu ya Manyovu, nikiwa Mrundi kijana mwenye kaptura ya shule, kitabu cha hesabu na kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sasa nina sabini, ni raia wa nchi hii, na nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Binti yangu Epifania amenipa daftari: "Baba, andika humu. Mbuzi wamechoka kusimuliwa." Nitaandika msimu mmoja tu, tangu kupanda maharage hadi kuyapura.

Leo tumepanda shamba la juu. Nilichimba mashimo, na mjukuu wangu Ange, mtoto pekee wa Epifania, alifuata nyuma akitia mbegu. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Nilipogeuka niliona mbegu zikiingia shimoni kabla mkono wake haujafika. Nikaendelea kuchimba. Macho ya miaka sabini huona mengi yasiyokuwepo.

Jumatano, 26 Februari

Mvua. Nimekaa ndani.

Jumamosi, 1 Machi

Si macho yangu. Ange alikuwa na ungo mapajani, anachagua maharage ya kupika. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Mikono yake ilikuwa imetulia. Punje mbovu zilijitenga zenyewe, moja moja, zikaenda ukingoni mwa ungo na kujipanga kama watoto waliochelewa shule.

Akaniona. "Sogokuru," akasema, yaani babu kwa Kirundi, "usimwambie mama."

Epifania akajibu kutoka jikoni, bila kugeuka: "Mama anajua tangu ukiwa na miaka kumi na miwili. Na hizo zilizotobolewa na wadudu, umezisahau."

Tulicheka wote watatu. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, peke yangu. Kitu hiki nimewahi kukiona kwa mtu mmoja tu, na najua kilivyoishia.

Alhamisi, 6 Machi

Ange amerudi na sketi imejaa tope na begi limekatwa mkanda. Nikamuuliza nani. "Hakuna mtu." Epifania akamuuliza nani. "Darasa." Wanamwita wa kambini, ingawa amezaliwa hapa, na mama yake amezaliwa hapa. Lakini matusi anasema anaweza kuyabeba. Kinachomsumbua ni kingine: tangu Januari hakuna anayemsalimia. Anaingia darasani na thelathini na wanane wanatazama ukutani.

"Na mimi sifanyi kitu, Sogokuru. Kinafanya chenyewe, nikinyamaziwa. Jana madawati matatu yalisogea. Mwalimu alidhani ni mchezo wa wavulana, akawachapa."

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya mawe alasiri. Nyumba ya jirani imepoteza mabati sita, ya mbele yake mawili. Yetu hata moja. Ange alisimama katikati ya sebule, uso umeinuliwa, kwa muda wa rozari nzima. Epifania ndiye alikuwa anaisali, kwa sauti. Ilipopita, mtoto alikula ugali wa muhogo wa watu wanne na samaki watatu wa migebuka, kama mfyatua matofali, akalala kwenye mkeka na kichwa kwenye mguu wangu. Sikuusogeza mguu mpaka ukafa ganzi.

Nimewaza: kinachoweza kushika paa kinaweza pia kuliachia.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Rafiki yangu Badru, mwenye duka la vitambaa mjini, kila Idi hutuletea sinia la pilau. Huletwa na binti yake Tunu, ambaye anasoma darasa moja na Ange na walilelewa kama pacha. Mwaka huu Tunu aliliweka sinia kwenye ngazi, akagonga mlango, akaondoka. Ange alikuwa dirishani. Kifuniko cha sinia kiliruka mpaka kwenye mgomba.

Nikachukua fimbo nikaenda kwa Badru. Tunu alikuwa anaosha vyombo uani.

"Mjukuu wangu amekukosea nini?"

"Babu, yeye ndo alianza kutuchunia. Tena alimchunia bibi."

Mama yake Badru, Bi Swaumu, alikuwa barazani. Anatoka familia ya Kiha ya hapahapa, ingawa aliolewa na mtu wa Tanga. Nikamuuliza yeye.

"Mwalimu, nilikutana na huyo binti njiani Januari. Nimefiwa na kaka, nina khanga ya msiba. Nikapiga makofi kumsalimia, nikainama hivi na mgongo wangu huu, ili na yeye apige, aulize nyumba, aulize walionibakia. Akasema 'shikamoo bibi', akapita. Akapita! Kama gari."

Nikakaa chini. Huku, kwa Waha na kwa sisi wa ng'ambo, salamu si neno. Ni makofi ya polepole, magoti kuinama, na maswali: mmeamkaje, watoto, mifugo, mgonjwa wenu. Mtu asiyeimaliza salamu ama ni mchawi ama amekudharau.

Na Ange hajui kuimaliza kwa sababu mimi nilimkataza. Miaka ile ya mwanzo salamu ndiyo iliyotutambulisha: ukipiga makofi kwa mapigo ya kwetu, ukauliza kwa mpangilio wa kwetu, watu walijua umetoka ng'ambo, na kulikuwa na nyakati ambapo kujulikana kulikuwa hatari. Niliiwekea nyumba yangu sheria: salimia kwa Kiswahili, kwa kifupi, upite. Hatari ile imekwisha miaka mingi. Sheria nilisahau kuiondoa.

Nilimweleza Bi Swaumu yote. Akasema: "Miaka hamsini mnatupita kama magari kwa sababu ya woga, na sisi tunadhani ni majivuno! Lo, Mwalimu. Kula pilau."

Nimemfundisha Ange salamu jioni hii. Anaicheka, lakini mikono yake inaijua. Siku mbili baadaye alikwenda kumsalimia Bi Swaumu (naongeza haya Jumatano), wakasalimiana mpaka chai ikapoa. Darasani hakuna kilichobadilika. Thelathini na wanane wameshaona kunyamaza ni mchezo mtamu.

Jumamosi, 5 Aprili

Haya sijawahi kuyaandika popote.

Mwaka 1971, shule ya misheni, ng'ambo. Ntirampeba alikuwa msichana wa mfinyanzi. Kwetu wakati ule watu wa vyungu hawakupewa mrija wa kunywea pombe pamoja na wengine, wala kibuyu cha maji, wala mkono. Tulipikia vyungu vyao kila siku, na mikono iliyovifinyanga tukaikataa.

Alikuwa wa kwanza katika hesabu, mimi wa pili. Mimi nilikuwa mjinga wa hesabu za sehemu, na yeye alinifundisha nyuma ya bustani ya mapadri kwa vijiwe: kimoja juu, viwili chini, hiyo ni nusu. Vijiwe vilipanda juu ya jiwe bapa vyenyewe. Alinionyesha mimi tu. Aliniambia: "Wewe huogopi." Na kweli sikuogopa. Nilikuwa nampenda, ingawa neno hilo nalijua leo tu.

Muhula wa mwisho wavulana walikubaliana tusimsalimie. Ndayikunda, rafiki yangu, ndiye aliyeongoza. Siku ya kufunga shule palikuwa na desturi: mwanafunzi wa kwanza hupita mstarini akipeana mkono na darasa lote. Mvua ilinyesha, mstari ukawa ndani ya kanisa. Ntirampeba akanyoosha mkono kwa wa kwanza, naye akaficha mkono mgongoni. Wa pili vivyo hivyo. Wote arobaini. Mimi nilikuwa wa mwisho, na alikuja kwangu akitabasamu, kwa sababu alijua mkono wangu upo.

Ndayikunda alinitazama. Nikauweka mkono nyuma.

Kwanza vigae viligongana kama meno ya mtu mwenye homa. Kisha boriti moja ililia. Kisha paa lote lilikaa chini, polepole, kama mtu mnene anayekaa kitini. Walikufa wawili: Ndayikunda, na mtoto wa darasa la kwanza ambaye alikuja kuchungulia tu. Tuliambiwa ni radi. Ntirampeba hakuonekana tena. Mwaka uliofuata yakaja mauaji, na nani angeuliza habari za paa?

Watu husema nilikimbia mauaji. Ni kweli. Lakini nilikuwa nimeanza kukimbia mwaka mmoja kabla.

Nilipopewa kazi hapa mwaka 1980 niliileta desturi ile ile ya mstari, na kwa miaka thelathini na mitano nilisimama mimi mwenyewe mwisho wake, ili mtoto wa kwanza, awe nani, akute angalau mkono mmoja. Sekondari ya kata ilipojengwa jirani wakairithi. Nilipostaafu, hakuna aliyejua kwamba pale mwisho panahitaji mtu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Epifania alikwenda jana kuuza maharage soko la Makere, karibu na kambi ya Nyarugusu, akarudi na chungu kipya. "Amenifinyangia mama mmoja Mrundi, mzee sana. Wanasema udongo unamtii."

Nilikigeuza kuona kitako, kama tunavyofanya wote. Pana alama tatu za vijiwe zilizokandamizwa kabla ya kuchomwa. Kimoja juu, viwili chini.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Maharage yameanza maua. Sijaenda Makere. Goti.

Jumanne, 6 Mei

Goti limepona siku nyingi. Naogopa.

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda, mimi na Ange. Sokoni nilimuuliza mama mmoja wa Kikongo anayeuza unga.

"Bibi wa vyungu? Iko kule, papa, nyuma ya ba-mama ba samaki. Lakini usibishane naye bei, chungu itakukimbia!" Wakacheka wote pale. Walicheka kwa mapenzi, nilisikia tofauti.

Alikuwa amekaa juu ya gunia. Mdogo, mweusi wa moshi, mikono mikubwa. Alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni.

"Reverien. Umekuwa mfupi."

"Nimezeeka."

"Hapana. Ulikuwa mfupi na zamani."

Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa miaka hamsini na minne. Nikasema tu: "Huyu ni mjukuu wangu. Ana kitu chako."

Ntirampeba akamkalisha Ange karibu naye. Hakumwuliza kuhusu nguvu. Alimwuliza amekula nini. Kisha: "Kinaanzia wapi?"

"Hapa, chini ya mbavu. Wakinichunia."

"Ndipo hapo." Akaweka kikombe cha chai kwenye ubao na kukitazama. Kikasogea kwangu upana wa vidole viwili, kikasimama. "Hicho kitu kimezeeka kama mimi. Siku hizi kinanisaidia kupata kiatu kikiwa chini ya kitanda." Ange alicheka mpaka akashika tumbo. Sidhani nilikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Desemba.

Baadaye Ange alikwenda kuangalia vyungu, na mimi nikamwambia: siku ya kufunga shule yao ni tarehe thelathini. Huyu atakuwa wa kwanza darasani. Atapita mstarini. Nifanye nini, nimfungie nyumbani?

"Usimfungie. Mimi nilifungiwa siku tatu kabla ya siku ile, mama alikuwa anaogopa. Zile siku tatu ndizo zilizokikuza." Alikuwa anasugua udongo kwenye kucha. "Wale wawili nawataja kila asubuhi, Reverien. Jina la mtoto nilikuja kuliuliza baadaye, nikalipata. Lakini sikiliza. Nilikuwa nimeshapita mikono arobaini. Nilikuwa naweza. Nilikuwa nasema moyoni, mmoja bado, mmoja bado."

Sikuweza kumtazama.

"Sikuhitaji darasa. Nilihitaji mmoja. Lete huo mkono."

Nikaunyoosha. Aliushika kwa yake miwili, yenye udongo mbichi, akapiga makofi juu yake kwa mapigo ya kwetu, akaniuliza nyumba, akaniuliza mke (ni marehemu), akaniuliza mvua. Nilimjibu yote. Soko lilikuwa linatupita.

Nimerudi na udongo mkavu kwenye mkono wa shati. Epifania anataka kulifua. Nimemwambia asubiri.

Alhamisi, 22 Mei

Matokeo yamebandikwa. Ange wa kwanza, Tunu wa pili. Epifania anasema atamfungia, akihitaji kufuli atanunua.

Ange: "Mama, nimekuwa wa kwanza. Nitapita."

Ijumaa, 30 Mei

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Nilipanga kufika saa mbili. Badru alisema atanichukua kwa gari lake, mvua ikaanza, na kwenye mteremko wa daraja gari likazama tope hadi ekseli. Badru aliniambia ningoje wavulana wasukume. Nikavua viatu nikatembea. Badru alipiga kelele nyuma yangu: "Mwalimu, utavunjika!" Nilianguka mara mbili. Sikuvunjika.

Kwa sababu ya mvua, wote walikuwa ndani ya bwalo. Kabla sijafika mlangoni nilisikia. Si mvua juu ya bati. Ilikuwa misumari. Ilikuwa inalia kwenye mbao, mmoja mmoja, sauti nyembamba, kama panya wengi.

Nikachungulia. Ange alikuwa amefika katikati ya mstari. Anatembea wima, mkono mbele, na kila anapofika mikono inakwenda mgongoni. Hakuna aliyesema neno. Mkuu wa shule alikuwa anasoma karatasi zake. Wazazi walikuwa wanatazama juu, wakidhani ni upepo. Vumbi la kutu lilikuwa linashuka kwenye mabega ya wanafunzi, na vijana wengine walikuwa wanalipangusa bila kujua ni nini. Epifania alikuwa benchi la pili, rozari mdomoni kabisa, anaiuma.

Nilipita ukutani. Nina uchafu wa tope hadi kiunoni, miguu mitupu, fimbo. Wanafunzi walianza kucheka. "Oya, babu wa kambini!" Waliocheka ni wengi, na nilijua kwamba kila kicheko kinakwenda chini ya mbavu za mtu mmoja. Bati moja mwishoni mwa bwalo lilinyanyuka, nikaona mbingu, likashuka tena.

Mwisho wa mstari alikuwa Tunu, na mikono yake ilikuwa tayari nyuma. Nikasimama baada yake. Nikaegemeza fimbo ukutani.

Ange alimpita Tunu bila kumtazama. Akafika kwangu. Macho yake hayakuwa yananiona; yalikuwa yanaona mbali, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Sikumpa mkono kwanza. Niliinama. Mzee hainamii mtoto, kila mtu pale anajua, na bwalo likalipuka kwa vicheko. Nikapiga makofi, polepole, kwa mapigo ya kwetu. Nikamwuliza ameamkaje. Sikusikia jibu. Nikamwuliza nyumba yake. Nikamwuliza mama yake, mbuzi wake wawili kwa majina, maharage ya shamba la juu. Niliuliza kwa sauti ya mwalimu, ile niliyodhani nimeiacha shuleni.

Kwenye mbuzi wa pili midomo yake ikatikisika. "Mzima," akasema. "Ila amekula daftari la mama."

"Shamba je?"

"Limekomaa, Sogokuru." Akapiga makofi. Akainama. Akaniuliza goti langu, akaniuliza njia ilikuwaje, akatazama miguu yangu, na hapo akaanza kulia na kuuliza kwa pamoja. Nikampa mkono. Juu, misumari ikanyamaza.

Bwalo lilikuwa limenyamaza pia, kwa sababu vicheko huisha kama hakuna anayevijali. Salamu yetu ikaendelea. Niliuliza hadi majirani.

Ndipo Tunu aliponivuta shati. "Babu, mnasalimiana hadi saa ngapi? Na sisi tupo."

Mkono wake ulikuwa mbele. Ange akautazama kwa muda mrefu, muda ambao sitausahau. Kisha akapiga makofi, na Tunu, mjukuu wa Bi Swaumu, akayajibu bila kukosea hata pigo moja.

Ange akarudi nyuma kando ya mstari. Nilihesabu mikono: kumi na tisa kati ya thelathini na wanane. Siandiki kwamba ilikuwa yote. Lakini mmoja ungetosha.

Jumatatu, 2 Juni

Fundi amepanda paa la bwalo. Misumari sitini na minane imechomoza nusu. Anasema mbao zimekauka. Katikati ya mvua zote hizi.

Jumamosi, 7 Juni

Tumepura. Tunu alikuja na fimbo yake mwenyewe, anapiga maganda kama ana kesi nayo. Wakati wa kupepeta hapakuwa na upepo, kisha pakawa na upepo, uani mwetu tu. Tunu akasema, "We Ange, punguza, naingiwa na vumbi machoni." Kwa hiyo naye anajua. Magunia matano na nusu.

Jumanne, 17 Juni

Ntirampeba ameondoka leo. Alijiandikisha mwenyewe kambini kurudi ng'ambo. Anataka udongo wa kijito cha baba yake kabla vidole havijakataa. Tulisimama naye kando ya barabara, Ange, Epifania na mimi, mpaka magari ya wakimbizi wanaorudi yalipofika.

Alinipa chungu kidogo. "Twende, Reverien. Kanisa limejengwa jipya, pembeni. Pale mwisho wa mstari pana nyasi tu. Ulitaka kwenda kusimama pale, au sivyo?"

Ni kweli. Kwa miaka hamsini na mitatu sikutaka kingine. Lakini mstari wenye watoto uko huku, nikamwambia.

Tukasalimiana salamu ya kuagana, yote, mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Kikapu chake kikapanda garini chenyewe kidogo, nusu tu; Ange akamalizia kwa mikono.

Julai shule inafunguliwa. Nimezungumza na mkuu wa shule: nitasimama mwisho wa mstari kila muhula, maadamu miguu ipo, na baada yangu Tunu ameomba nafasi.

Nilizaliwa ng'ambo ya milima ile. Sitarudi.